Tukibana Matumizi, Tusianzie Kwenye Wimbo

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, mjini Tanga, hukumu imeshatolewa: mwaka huu hakuna sikukuu. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, nauli nazo hazishikiki, na mwenye nyumba aliyezoea kuchangiana na nduguze kuchinja mbuzi sasa anajiuliza kama kuku wawili watatosha kwa watu kumi na watano. Fundi cherehani mmoja, mtu ambaye wiki ya mwisho ya Ramadhani huwa hapati nafasi ya kunyanyua kichwa, aliwaambia wenzake kwamba nguo za watoto alizoletewa kushona zinahesabika. "Vyuma vimekaza, Shehe," alimwambia aliyekuwa akimmiminia kahawa. "Idi ya mwaka huu tutaisikia redioni."

Hesabu zake sizipingi. Mtu akishalipa kodi ya nyumba, ada na deni la dukani, kinachobaki hakimfikishi mbali, na asiye na kitu hahitaji kuhubiriwa na mwandishi wa makala kwamba furaha haiko kwenye pesa. Ninachokipinga ni hatua inayofuata. Tukishakubaliana kwamba sikukuu haipo, tunaanza kuifuta kipande kwa kipande, na mara nyingi kipande cha kwanza kufutwa ni muziki. Zefe ya madrasa, yale maandamano ya kaswida na dufu, inaahirishwa mpaka hali itulie. Kwaya inapunguza siku za mazoezi. Vijana wanaopita na ngoma na makopo kuamsha watu daku wanaambiwa waache kelele, watu wana mawazo. Muziki unatangulia kuondoka kwa sababu tunauhesabu kuwa pambo, kitu cha kuongezwa baada ya nyama na nguo kupatikana. Naamini mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu, na mji wa Tanga wenyewe una ushahidi wa kutosha.

Tuanze na gharama, maana ndizo zinazotusumbua. Idi kwa familia ya kawaida ya Makorora au Mabawa ni nguo na viatu vya watoto, mchele, nyama, viungo, na mkono wa Idi kwa kila mtoto atakayebisha hodi. Krismasi inaongeza nauli ya kwenda Muheza, Korogwe au kupanda mlima mpaka Lushoto. Vyote hivyo vinanunuliwa, na kila kimoja kikipungua, haya inaingia mahali pake. Mama anasita kupeleka sahani ndogo kwa jirani. Baba anachelewa kurudi nyumbani ili asikutane na watoto wa kaka yake wanaokuja kumpa mkono. Kaswida haina haya hiyo. Mtoto aliyevaa kanzu ya mwaka juzi anaimba maneno yaleyale na aliyevaa kanzu mpya, na kama Mungu amempa koo zuri, ustadhi atamweka mbele. Jambo hili nalipa uzito mkubwa. Katika siku nzima ya sikukuu ni pachache ambapo mtoto wa fukara anatangulia na mtoto wa mwenye duka anamwitikia.

Kuna pia suala la muda, ambalo kwenye bajeti zetu halionekani kabisa. Pilau huliwa adhuhuri moja, na jioni masufuria yameshasuguliwa. Kaswida za Maulidi huanza kusikika wiki nyingi kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa kwake Mtume. Baada ya alasiri watoto wa chuoni, yaani wa madrasa, hukusanywa kwenye ukumbi au chini ya mwembe, ustadhi huwatenga kwa sauti, wenye sauti nyembamba huku, waliokwisha kuvunja sauti kule, na dufu huoteshwa moto au kuanikwa juani ili ngozi ikaze. Siku za mwanzo hakuna kinachosikilizika. Mmoja anawahi, mwingine anachelewa, mpiga dufu anakimbia peke yake. Lakini ikifika wiki ya pili, mama anayemenya mihogo nyumba ya tatu kutoka pale ameshashika kitikio na anaitikia bila kujijua. Mpita njia anapunguza mwendo wa baiskeli. Wiki ya tatu watoto wadogo ambao bado hawajaandikishwa chuoni wanaandamana wenyewe kwa wenyewe kichochoroni, kopo la rangi ndilo dufu lao. Furaha ya namna hiyo inamfikia mtu kidogo kidogo, kwa mwezi mzima, naye hakuchangia senti.

Halafu ufike usiku wenyewe. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18 na Jaafar bin Hasan al-Barzanji, husomwa kwa zamu: msomaji mmoja anachukua mlango wake, anamaliza, kaswida inaingia, msomaji mwingine anapokea. Wazee wanajua nani ana pumzi ndefu na nani huwa anaremba. Yakifikiwa maelezo ya kuzaliwa kwake Mtume, watu wote husimama, udi unapita, marashi yananyunyizwa viganjani, na ukumbi mzima unaimba kwa pamoja. Mwenye sauti mbaya anaimba. Mwenye deni na anayemdai wanaimba bega kwa bega. Baada ya hapo kuna kahawa, tende, pengine halua, pengine wali kama wenyeji wamejaliwa. Nimehudhuria maulidi yaliyofungwa kwa kahawa na tende tupu, na sikuona mtu aliyeondoka akinung'unika.

Siri yake iko kwenye kuitikia. Muziki wa sikukuu zetu nyingi umejengwa kwa mtu mmoja kuanza na wengine kupokea, kwa hiyo bila wapokeaji haupo. Ukikaa kimya umeacha pengo ambalo jirani yako analisikia. Mtu aliyelemewa na msimu mgumu, aliyeanza kujiona hana mchango wowote mahali popote, anapewa pale kazi ndogo ambayo anaiweza: kushika pumzi, kungoja zamu, kuitikia. Dakika chache anakuwa mtu anayehitajika. Sidhani kuna zawadi ya sikukuu inayompa mtu kitu hicho kwa urahisi kiasi hicho.

Niliahidi ushahidi wa mji. Tanga imewahi kuwa na misimu migumu kuliko huu wa kwetu. Mkonge ulioijenga uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Waliobeba kazi hiyo walikuwa manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena na wengine wengi, wakakaa kambini kwenye mashamba, mbali na kwao, kwa ujira mdogo uliopunguzwa zaidi bei ya mkonge ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Wakati huohuo mjini kulikuwa na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, yenye pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti, na vyeo vyao vya kujipa. Mtu aliyekuwa hesabu tu kwenye daftari la nyapara aliweza kuwa mtu mwenye cheo siku ya ngoma. Mwaka 1955 ilianzishwa Tanga bendi iliyojiita Young Nyamwezi, jina linaloonyesha wazi ilitoka kwa watu gani. Baadaye ikawa Jamhuri Jazz, na pamoja na Atomic Jazz ikaufanya mji wa bandari kuwa mji wa magitaa. Ndugu wawili wa Tanga waliopitia Jamhuri, Wilson na George Kinyonga, ndio waliokwenda kuunda Simba Wanyika nchini Kenya.

Taarabu nayo ilichukua sura mpya hapahapa. Black Star Musical Club, na baada yake Lucky Star, walipunguza ukubwa wa kikundi, wakaweka gitaa na besi penye fidla nyingi, wakatia mwendo wa kuchezeka, na sauti ya Shakila Saidi ikafika Mombasa na mbali zaidi. Sasa tazama miaka ambayo muziki huo ulikuwa ukipigwa. Ukame wa 1974 ulileta foleni na unga wa mahindi ya njano, ule watu waliouita unga wa yanga. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa mji ulio karibu na Horohoro, wenye ndugu pande zote mbili, kufungwa huko kulikuwa pigo la kila siku, na kwa wanamuziki lilikuwa pigo la ziada, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri na santuri zetu zilikuwa zikitengenezwa Kenya. Vita vya Uganda vikaja katikati, kisha madukani pakakosekana sabuni, sukari, nguo. Mkonge wenyewe ukaporomoka, nailoni ikichukua nafasi yake kwenye kamba. Mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani.

Sisemi kwamba dhiki ndiyo iliyozaa uzuri wa nyimbo hizo. Maneno hayo husemwa na watu walioshiba. Dhiki iliua vikundi vingi: waya za gitaa hazikupatikana, vipaza sauti viliharibika bila vipuri, na bendi nyingi zilibaki hai kwa sababu shirika au jeshi lilimiliki vyombo. Ninachosema ni kwamba watu wa mji huu hawakuungoja msimu mgumu uishe ndipo waimbe. Idi zilifika na unga wa yanga ukiwa jikoni, na taarabu ikapigwa. Mwanamke aliyekuwa amepanga foleni asubuhi ya sabuni, usiku alikaa na shoga zake akisikiliza mashairi yaliyotungwa vizuri, na akayakumbuka. Mpaka leo, ukimwuliza bibi wa umri huo habari za miaka ile, atakutajia foleni, kisha bila kuombwa atakuimbia beti mbili.

Hata hivyo taarabu inaleta ugumu ambao lazima tuukabili. Mwanaanthropolojia wa Marekani Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga na kuuchapisha kwenye kitabu mwaka 2002, aliandika kwa kirefu juu ya kutunza: mtu anainuka katikati ya wimbo, anakwenda mbele akicheza, anampa mwimbaji pesa, na kwa kitendo hicho ameyafanya maneno ya wimbo kuwa yake, ameyaelekeza kwa mtu aliyemo ukumbini. Ni sanaa kamili yenye akili nyingi. Lakini inahitaji noti mkononi. Katika mwaka wa shida, asiye na noti anabaki kitini, na kila anayeinuka anamkumbusha hilo. Nimewaona kina mama wakikataa mwaliko wa taarabu ya Idi, si kwa sababu hawaipendi, ila kwa sababu hawawezi kukaa usiku kucha bila kutunza wakatazamwa.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mwimbaji mwenyewe. Kwake msimu wa sikukuu ndio mavuno. Tukisema "mwaka huu tuimbe bure", tunambebesha yeye ugumu wetu juu ya ule wake. Mpiga kinanda ana watoto wanaongoja nguo kama wa kwetu. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaotaka taarabu yote igeuke ya hisani, wala na wanaosema isipigwe kabisa. Lililo sawa, kwa maoni yangu, ni kuacha kushindana. Noti za elfu moja moja zinazotolewa na wanawake ishirini zinamlisha mwimbaji sawasawa na elfu ishirini za mmoja anayetaka kuonekana, na ukumbi unabaki na watu ishirini waliosimama na kucheza. Vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa vinaweza kukubaliana hivyo kabla ya usiku wenyewe, na ukumbi utajaa.

Sasa nifike penye uzito zaidi. Msimu mgumu si bei tu. Kuna nyumba ambazo sikukuu inazikuta na msiba: mwanamke yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, au mzazi amezikwa wiki iliyopita, au kijana hajulikani atatoka lini hospitali. Watu wa nyumba hiyo huambiwa, au hujiambia wenyewe, kwamba muziki wa sikukuu haufai kufika masikioni mwao. Hapa nadhani mila za pwani zina hekima kuliko tafsiri tunayozipa. Kweli, msafara wa harusi ukipita penye matanga ngoma hunyamaza, na ni adabu njema. Lakini katika familia nyingi za huku, siku ya arobaini ya marehemu husomwa hitma, kisomo cha Kurani, na wengine husoma Maulidi. Barzanji ileile, kaswida zilezile, hata udi uleule. Sauti zilizomshangilia mtoto akizaliwa ndizo zinazorudi kumfariji mfiwa. Hatukuwahi kuwa na rafu mbili, moja ya nyimbo za furaha na nyingine ya nyimbo za huzuni. Kwa hiyo aliyefiwa akizisikia kaswida za Idi kutoka dirishani, hakosewi. Pengine atalia. Pengine ataitikia mstari mmoja, kwa sababu mumewe aliupenda. Hayo mawili yanaweza kutokea ndani ya dakika moja, na hakuna lililo kosa.

Niliwahi kumsikia mama mmoja, mjane, akimwambia mjukuu wake aliyetaka kufunga dirisha zefe ilipokuwa ikipita: "Liache, mwanangu. Babu yako alikuwa akitembea nayo hii mpaka mwisho." Akakaa kitako kwenye mkeka akihesabu kwa kidole ni madrasa ngapi zimepita, kama alivyokuwa akifanya kila mwaka.

Wakristo wa mkoa huu wanalijua jambo hili kwa njia yao. Muheza na vijiji vyake, kuanzia Magila ambako wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walianza kazi katika karne ya 19, kuna koo za Kibondei ambazo Idi na Krismasi zimo ndani ya nyumba moja: shangazi yuko kwaya, mjomba anasoma Maulidi. Milimani kwa Wasambaa, wamisheni wa Kilutheri wa Bethel waliofika Tanga na Mlalo mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliacha desturi ya kuimba kwa sauti nne, na hadi leo mwalimu wa kwaya huandika nota kwa herufi za do, re, mi kwenye ubao au kwenye daftari la mistari. Novemba ndio mwezi wa kweli wa Krismasi kwa mwanakwaya. Besi hazishiki, tena zinazembea kuja, sauti ya pili inavutwa na ya kwanza, mwalimu anafoka, kisha jioni moja vipande vinakaa, na waliokuwa wamechoka na shamba wanarudi nyumbani gizani wakiendelea kuimba njiani.

Wimbo wa Noeli uliotafsiriwa zaidi kuliko nyingi, ule wa usiku mtakatifu ambao kwa Kijerumani huitwa Stille Nacht, una historia inayostahili kusimuliwa mwaka kama huu. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na padri kijana wa Austria, Joseph Mohr. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu, na huo ndio mwaka uliokosa kiangazi Ulaya, kwa sababu volkano ya Tambora huko Indonesia ilikuwa imelipuka Aprili 1815 na majivu yake yakazuia jua. Mazao yalioza, bei za nafaka zikapaa. Miaka miwili baadaye, 24 Desemba 1818, katika mji mdogo wa Oberndorf, mwalimu Franz Xaver Gruber aliyatilia maneno hayo sauti, nao wakaimba wawili kwa gitaa moja. Gitaa moja na sauti mbili: hiyo ndiyo bajeti yote ya wimbo ule.

Ukaja kusikika kwenye mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa mkesha wa Krismasi wa 1914, Wajerumani wakiuanza na Waingereza wakiusikiliza ng'ambo, na sehemu kadhaa za mstari wa mbele bunduki zikanyamaza. Wiki saba tu kabla ya hapo, tarehe 2 hadi 5 Novemba, majeshi ya mataifa hayohayo yalikuwa yamepigana hapa Tanga, Waingereza na askari wao kutoka India wakishuka Raskazone, nyuki wakiwavamia, maiti zikilala kati ya bandari na reli. Wimbo haukuzuia vita visiendelee. Vilidumu miaka minne, na katika Afrika Mashariki wapagazi kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Nalieleza hili ili nisije nikaonekana naupa wimbo kazi isiyo yake. Haumalizi ukame, haushushi bei ya sukari, haurudishi aliyekufa. Unampa mtu usiku mmoja wa kuwa pamoja na wenzake katika hali ileile waliyomo, na kwa anayepita kipindi kigumu, usiku mmoja wa namna hiyo ni riziki.

Mwaka 2015 Maulidi iliangukia 24 Desemba, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 na sikukuu za Kiislamu huzunguka misimu yote. Kipindupindu kilichokuwa kimeanza Dar es Salaam mwezi Agosti kilikuwa kimesambaa mikoa mingi, na watu walikuwa na hofu ya kula pamoja. Usiku mmoja ulikuwa wa kaswida, usiku wa pili yake wa Noeli. Ndugu waliogopa kupakuliana, lakini kusikilizana hakukuwa na hatari, na watu walisikilizana. Idi ya Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, ilikuwa hivyohivyo: mikono haikupeanwa kama desturi, ila takbira za asubuhi ya Idi zilisikika kila upande wa mji, na aliyebaki nyumbani kwa hofu alizifuatisha akiwa kizingitini.

Nina lalamiko moja kwa wakati wetu. Tunapopata vijisenti vya muziki wa sikukuu, tunakodi spika. Spika mbili kubwa, jenereta, na kijana mwenye kompyuta, na mtaa mzima unatetemeka mpaka alfajiri. Siuchukii muziki unaopigwa humo. Singeli ina ufundi wake, na vijana wana haki ya kucheza. Lakini spika ya ukubwa ule inamfunga kila mtu mdomo. Hakuna anayeweza kuanza, hakuna anayeweza kuitikia, wala mgonjwa wa nyumba ya pili hawezi kulala. Redio ndogo ya yule fundi cherehani ni afadhali, kwa sababu unaweza kuimba juu yake. Na simu pia ina nafasi yake: mabinti walioko kazini Dar es Salaam au Maskati hurekodiwa kaswida za mtaa wao wakatumiwa, wakazisikiliza usiku wakiwa peke yao. Hiyo ni furaha halali, wala siidharau. Ila anayeweza kutoka nje na kuimba kwa mdomo wake, asiridhike na ya kwenye simu.

Kwa walimu wa madrasa na wa kwaya nina ombi la kivitendo. Msipunguze mazoezi mwaka huu, yaongezeni. Yafanyieni mahali panaposikika, milango ikiwa wazi, saa ambazo kina mama wako nje. Chagueni kaswida na nyimbo ambazo watu wazima wanavijua vitikio vyake, maana mgeni aliyepotea mwaka mzima hatarudi kwa kusikiliza utunzi mpya asioujua. Zefe ipite vichochoro vya ndani kuliko barabara kuu, kwa sababu wasioweza kutembea wako huko. Na vijana wa daku, ambao siku ya Idi hupita mlango kwa mlango kudai chao, wapewe, hata kama ni mia mbili.

Kuhusu vyombo, lipo jambo ambalo halihitaji mchango wa fedha. Dufu nyingi za vyuoni zimechanika ngozi, na ndiyo sababu mojawapo zefe zinaahirishwa. Idi Kubwa inakuja, Mfungo Tatu, na hata mwaka huu wa shida wapo watakaochinja, wengine kwa kuchangiana. Ngozi ya mnyama wa udhia haifai kuuzwa wala kupewa mchinjaji kuwa ujira wake, ila kuitoa sadaka kunafaa, na nyumba nyingi huishia kuitupa. Ipakwe chumvi siku ileile, ianikwe, ipelekwe kwa ustadhi wa mtaa. Kutoka hapo mpaka Mfungo Sita ni miezi mitatu, na fundi wa dufu anapata muda wa kutosha kuinyoa na kuiwamba.